Upande wa Kulia, Upande wa Kushoto

Namshukuru sana mhariri kwa kunipa nafasi katika jarida hili la familia. Mimi si mwandishi, ni fundi wa magari. Kwa hiyo mkiona nimeandika kama ninavyoongea, mnisamehe.

Mwezi uliopita dada yangu mdogo, yule aliyekimbilia Nyarugusu na watoto wake mwaka 2015, alinipigia simu. Mtoto wake wa pili, mwenye miaka 12, alikuwa amerudi shuleni na jicho limevimba. Wenzake walimwuliza: "Nyinyi kwenu ni upande gani?" Hakujua jibu. Wakamwambia anaficha, wakampiga. Usiku akamwuliza mama yake, "Mama, kwani sisi ni kina nani?" Dada akakosa la kusema, akamwambia: "Tutamwuliza mjomba."

Basi ndiyo hivyo, mzigo ukamwangukia mjomba. Nimefikiri siku nyingi. Nimeona siwezi kumjibu mtoto huyu mpaka nisimulie kwanza sinema moja niliyoiona Buyenzi mwaka 1994. Msicheke. Ni sinema ya watu wa nyota, wanaopaa na chombo cha anga. Lakini sijaona nyingine iliyosema mambo ya vita vyetu kwa ukweli kama ile. Na ajabu ni kwamba wapenzi wengi wa hadithi hizo, huko zilikotengenezwa, wanaidharau.

Kibanda cha video

Wanaoijua Buyenzi wanaijua. Mtaa wa Waswahili, barabara zimenyooka na zinaitwa kwa namba, mafundi wamelala chini ya magari, na ukikaribia soko la Ruvumera harufu ya ndagala inakupokea. Nilizaliwa hapo. Baba alikuwa Mhutu wa Kayanza, mama Mtutsi wa Mwaro. Watu kama sisi wanatuita Wahutsi, nusu huku nusu kule.

Tarehe 21 Oktoba 1993 Rais Melchior Ndadaye aliuawa, miezi mitatu tu tangu aapishwe. Hayo mnayajua, na wengine wenu ndiyo sababu mlizaliwa nje. Mji wa Bujumbura ukaanza kugawanyika mtaa kwa mtaa. Kamenge na Kinama wakabaki wa upande mmoja, Musaga, Nyakabiga na Ngagara wakabaki wa upande mwingine. Buyenzi na Bwiza tulikuwa bado tumechanganyika. Ukiulizwa barabarani wewe ni nani, mtu wa Buyenzi alijibu: "Mimi ni Mswahili." Hilo lilikuwa jibu letu la tatu. Kuna siku lilikubaliwa, na kuna siku halikukubaliwa.

Zilikuwapo siku walizoziita "ville morte", yaani mji umekufa. Vijana wanafunga barabara kwa mawe, hakuna kazi, hakuna soko. Siku kama hizo tulijibanza katika kibanda cha video, kile ambacho Watanzania wanakiita kibanda umiza. Mabenchi, jenereta, televisheni moja iliyoharibika rangi. Pembeni alisimama kijana mmoja aliyesoma Kampala, ana kijiti mkononi, anatufasiria Kiingereza kwa Kiswahili. Yeye ndiye alikuwa sinema yenyewe. Akifasiri Rambo, unasikia Rambo anaongea kama mtu wa Ruvumera.

Mimi na rafiki yangu mmoja tulikaa benchi moja siku zote. Yeye wazazi wake wote wawili walikuwa Watutsi, wamehamia Buyenzi kwa biashara. Hatukuwa tunahesabu mambo hayo. Lakini nakumbuka mwaka ule watu wazima walikuwa wameanza kukaa kwa kutengana, huku hawa na huku wale, bila mtu kuwaambia.

Siku moja mwenye kibanda akaweka mkanda usio na jalada. Watu wakapiga kelele: "Toa! Weka Rambo!" Akakataa, ati mikanda mingine yote tumeishaiona. Ilikuwa Star Trek, mchezo wa televisheni wa Marekani uliotengenezwa kuanzia 1966 hadi 1969, vipindi 79 kwa jumla. Kipindi chenyewe kinaitwa "Let That Be Your Last Battlefield". Mfasiri wetu akakiita "Huo Uwe Uwanja Wenu wa Mwisho wa Vita". Baadaye sana nilijua kwamba kilionyeshwa mara ya kwanza tarehe 10 Januari 1969, miezi tisa tu baada ya Martin Luther King kuuawa.

Wageni wawili

Hadithi ni hii. Chombo cha Kapteni Kirk, kinachoitwa Enterprise, kinakikamata chombo kidogo kilichoibwa. Ndani yake yumo mtu wa ajabu. Nusu ya uso wake ni nyeusi tititi, nusu ni nyeupe pe, mstari umepita katikati ya pua. Anaitwa Lokai, ametoka sayari ya Cheron. Anasema watu wake walifanywa watumwa, yeye akaongoza uasi, sasa anaomba ulinzi. Yaani, ndugu zangu, ni mkimbizi! Anahojiwa kama sisi tulivyohojiwa, na kesi ya kuiba chombo inamngoja.

Kabla hajakaa sawa, anafika wa pili, Bele, nusu nyeusi nusu nyeupe vilevile. Huyu ni mtu wa serikali ya Cheron. Amekuja kumkamata Lokai, na amemfukuza kwa miaka 50,000. Ndiyo, elfu hamsini. Ana nguvu za ajabu, anakiteka chombo kwa mawazo tu na kukigeuza kielekee Cheron. Kapteni anaanza kuhesabu kukilipua chombo chake mwenyewe na watu wote waliomo kuliko kukiacha kitekwe. Bele anakubali dakika ya mwisho kabisa. Kibandani hakuna aliyepumua.

Halafu inakuja sehemu ambayo sitaisahau. Bele anazungumza na Kapteni na Spock, yule mwenye masikio ya ncha. Anamdharau Lokai, anasema watu wale ni duni. Kapteni anamwambia, mbona nyinyi wawili mko sawa? Bele anashangaa, anamwona Kapteni kama kipofu. Yeye Bele ni mweusi upande wa kulia. Lokai na watu wake wote ni weupe upande wa kulia!

Mfasiri akanyamaza. Kibanda kizima kikanyamaza. Maana hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa ameona. Tumewatazama watu wale zaidi ya nusu saa, macho makavu, hatukuona. Mtu mmoja akapaza sauti: "Rudisha nyuma!" Mkanda ukarudishwa. Tukatazama tena, wengine wakasimama wakasogea karibu na kioo. Kweli bwana! Huyu kulia mweusi, huyu kulia mweupe. Tukacheka mpaka benchi likaanguka.

Na hapo hapo likatokea jambo la kutisha. Sasa kwa kuwa tumejua, kibanda kikaanza kuchukua pande. Huku wanasema, "Lokai ana haki, ameonewa." Kule wanasema, "Mwongo, ni mwuaji, Bele anafuata sheria." Dakika kumi nyuma hatukuweza kuwatofautisha, na sasa watu wanatukanana kwa ajili yao. Mwenye kibanda akatishia kuzima jenereta.

Mwisho chombo kinafika Cheron. Spock anatazama mitambo yake. Hakuna mtu. Miji ipo, maiti hazikuzikwa, zimelala kila mahali. Wamemalizana wote. Wamebaki hawa wawili tu. Ungetegemea wakumbatiane walie. Hapana, kila mmoja anamlaumu mwenzake. Wanaanza kukimbizana katika korido za chombo, na juu ya picha yao zinapita picha za miji inayoungua. Wanateremka katika sayari yao iliyokufa wakaendelee na vita vyao. Kapteni anawaacha, hana la kufanya.

Anayeuliza swali la mwisho ni dada mmoja mweusi anayeshughulikia mawasiliano. Anataka kujua, je, chuki ndiyo kitu pekee walichowahi kuwa nacho? Kapteni anajibu kwamba sivyo, ila ndiyo pekee iliyobaki.

Tulitoka bila kusukumana. Hilo halikuwa kawaida.

Dada Uhura

Huyo dada niseme kidogo juu yake, maana ni wetu. Anaitwa Uhura. Jina limetokana na neno letu uhuru, na katika hadithi ni Mwafrika anayejua Kiswahili. Hata katika kipindi cha kwanza kabisa kilichoonyeshwa, Septemba 1966, yupo anayemsemesha kwa Kiswahili. Aliyemwigiza ni Nichelle Nichols, aliyefariki mwaka 2022. Mwenyewe alisimulia kwamba alitaka kuacha kazi hiyo, na Martin Luther King ndiye aliyemwomba abaki, kwa sababu watu weusi walihitaji kumwona pale, ana cheo na anaheshimiwa. Sisi hatukujua hayo yote. Tulisikia jina tu, tukapiga makofi. Nami naona ni sawa swali la mwisho kutoka kwake.

Kwa nini wanakidharau

Sasa, wapenzi wengi wa Star Trek wanakiweka kipindi hiki chini kabisa. Wanasema kinahubiri waziwazi mno. Wanasema pesa zilikuwa hazipo, ndiyo maana chombo cha Bele hakionekani, wameambiwa watazamaji kwamba hakionekani kwa macho! Wanasema kule kukimbia katika korido ni kurefu na kunachosha. Kamera nayo inacheza mbele na nyuma kila king'ora kikilia.

Yote ni kweli, sibishi. Lakini mtu aliyesema kwamba mstari kati ya nyeusi na nyeupe ni mfano uliozidi, huyo hajawahi kusimamishwa kizuizini akapimwa pua. Kwetu wametazama pua, urefu, hata vidole. Watu wanaosema lugha moja, Kirundi kile kile, wanaokula maharage yale yale. Mgeni akija hawezi kututofautisha, na sisi wenyewe tumekosea mara nyingi, tukaua tuliodhani sio. Na kuhusu kukimbia kurefu: aliyekimbia anajua. Kukimbia hakuishi haraka. Kunachosha hasa.

Kuna lawama moja ninayoipa uzito. Wengine wanasema kipindi kinawaweka sawa mwonevu na mwonewa. Watu wa Lokai walikuwa watumwa kweli, je, tumwambie aache tu? Hili si jambo dogo. Kwetu kila nyumba ina makaburi yake, huyu ya 1972, yule ya 1993, na hakuna anayestahili kuambiwa sahau. Lakini nikitazama tena, naona kipindi hakisemi Lokai hana haki. Kinaonyesha tu haki yake ilikoishia alipomwachia Bele aamue namna ya kupigana. Alifika nyumbani na haki yake mkononi, na hakukuwa na mtu wa kumpa.

Labda mtauliza, kwani hatukuwa na michezo ya kwetu? Tulikuwa nayo. Mwaka 1997 Studio Ijambo ya hapa Bujumbura ilianza mchezo wa redio "Umubanyi Niwe Muryango", yaani jirani ndiye familia, ulioandikwa na Marie-Louise Sibazuri. Familia mbili majirani, moja ya Wahutu na moja ya Watutsi. Ulipendwa mno. Lakini mchezo wa nyumbani, kabla hujausikiliza, mtu anauliza kwanza aliyeandika ni nani. Ile ya nyota haikuwa na mwenyewe. Ilituingia kabla hatujafunga mlango.

Maneno ya mama

Jioni ile nilimsimulia mama. Alikuwa anachambua mchele. Akaniuliza, "Kwa hiyo kila mmoja wao ana nyeusi na ana nyeupe?" Nikasema ndiyo mama. Akaendelea kuchambua, halafu akasema, "Basi ni wewe huyo."

Nilidhani ananitania.

Machi 1995 vurugu zikaingia Bwiza na Buyenzi. Baba alitoka asubuhi kutafuta kipuri. Kwenye kizuizi vijana walimwuliza yeye ni nani, akajibu kama tunavyojibu, Mswahili. Aliyekuwapo alituambia hawakukubali. Na alituambia tena kwamba kati ya vijana wale alimwona kaka mkubwa wa rafiki yangu, yule tuliyekaa naye benchi moja.

Tukavuka kwenda Uvira. Mwaka 1996 vita vya Zaire vikatufukuza huko, tukavuka ziwa hadi Kigoma, mwisho Mtabila. Nilikaa Mtabila mpaka ilipofungwa mwishoni mwa 2012. Mama amezikwa huko. Kwa miaka 17 nilibeba jina la yule kaka. Kwenye foleni ya mgao nilikuwa naye. Usiku nilipanga nitamwambia nini na nitamfanya nini. Tuliposikia kwamba tarehe 30 Aprili 1997 wanafunzi 40 wa seminari ya Buta waliuawa kwa sababu waliamriwa kutengana, Wahutu huku Watutsi kule, wakakataa, nililia kama wengine. Lakini nikirudi kitandani, jina lilikuwa palepale. Nilikuwa Bele, jamani. Nilikuwa namfukuza mtu.

Niliporudi Bujumbura nilimkuta rafiki yangu mwaka 2013, anauza vipuri vya magari karibu na Ruvumera. Aliponiona alisimama, akasema, "Wee! Upande wa kulia!" Ulikuwa utani wetu tangu siku ya mkanda ule. Tukashikana mikono, nami mkono wangu ulikuwa baridi. Nikamwuliza kaka yake yuko wapi. Akasema amekufa, tangu 1997.

Miaka yote hiyo nilikuwa namfukuza marehemu.

Nikamwambia niliyoyasikia juu ya baba. Hakukana, wala hakukiri. Alikaa chini juu ya tairi. Akasema, "Siku ile alitoka asubuhi, akarudi usiku, hakula. Mama alimwuliza, hakujibu. Zaidi ya hapo sijui. Na mimi nimejiuliza miaka yote." Tulikaa hapo mpaka maduka yakafungwa. Siwezi kusema nilisamehe siku ile. Nilichoka tu, na yeye alikuwa amechoka, na hapakuwa na mtu mwingine wa kumfukuza. Nilikuwa nimefika Cheron.

Leo ananiuzia vipuri kwa mkopo. Siku nyingine tunagombana kwa sababu ya bei. Kipindi kile tumekitazama tena kwenye simu yake, pamoja na watoto wetu. Wao walicheka rangi za nyuso. Sisi wawili tulikuwa tunatazama zile picha za moto.

Jibu la mjomba

Sasa, mwanangu uliyeko huko, mjomba wako anakujibu. Babu yako alikuwa Mhutu wa Kayanza. Bibi yako alikuwa Mtutsi wa Mwaro. Walikutana Buyenzi, babu alikuwa anatengeneza baiskeli, na bibi yako alimpelekea baiskeli ambayo haikuwa na ubovu wowote. Babu aliuawa mwaka 1995, nami nimekuambia jinsi alivyouawa. Sikufichi chochote, kwa sababu nimeona kuficha hakukumwokoa. Desturi yetu inasema mtoto hufuata kwa baba, kwa hiyo watu watakuhesabia upande mmoja tu. Waache wahesabu. Wewe ujue una vyote viwili, na ujue majina ya waliokupa.

Na wazazi, nina ombi moja. Jioni mkiwa mmekaa, waambieni watoto hadithi hii ya Lokai na Bele. Msiwaambie mapema tofauti yao ni nini. Waulizeni kwanza kama wameiona. Kisha nyamazeni muwasikilize, hasa wakianza kuchukua pande. Hapo ndipo mtajua nyumbani kwenu mmekuwa mnawafundisha nini.

Dada, mwambie kijana aweke maji ya baridi juu ya jicho. Na yule aliyempiga, kama mama yake yupo karibu, nenda kamsalimie.



Wenu, mjomba fundi, Buyenzi, Bujumbura.